Jina la Aliyechora Madaraja

Kamina, tarehe 9 Juni 1996

Kwa Seth, mdogo wangu,

Baridi ya Kamina inakusalimu kabla yangu, maana ndiyo iliyoamka mapema. Sisi wote tu wazima kwa neema ya Mungu. Shemeji yako Zébédée bado anafundisha darasa la tano pale shule ya misioni, Mira amemshinda baba yake kwa hesabu na hataki tusahau, na Mama analalamika magoti, kwa hiyo tunajua kwamba yu mzima. Na wewe je? Kifua kimepona? Huko Liège wanakulisha nini kinachoweza kumnenepesha mtoto aliyezaliwa Luena?

Bahasha ilifika kwa ndege ndogo ya misioni, zile karatasi za kalke, za kuchorea zinazopenya mwanga, hazikukunjika hata moja. Usifikiri umenisumbua. Biro yetu, ofisi ya michoro hapa kwenye reli, haina karatasi tangu mwaka juzi. Naenda kila asubuhi, nasaini daftari la kuhudhuria, nakaa mbele ya meza safi, narudi nyumbani. Nilipofungua bahasha yako nikasikia harufu ya karatasi mpya, nililia kidogo, halafu nikanoa penseli. Zébédée ameng'oa mlango wa chumba cha wageni, tumeulaza juu ya madawati mawili, na hiyo ndiyo meza yangu. Wageni watavumilia.

Lakini tusemezane wazi, maana nakujua. Biro yenu imepata kazi ya kupanga namna ya kufufua reli yetu. Wamekuajiri wewe na kukupatia kibali cha kazi kwa sababu uliwaambia unaijua reli hii. Seth, wewe umesomea umeme. Reli uliiona dirishani ukienda likizo. Niliyetembea na Baba, mkuu wa brigade, kikosi cha kutengeneza njia, taruma kwa taruma, ni mimi. Niliyekaa miaka kumi na minne nikiichora ni mimi. Basi tumekubaliana hivi: mimi nachora, wewe unapeleka, na baada ya miezi sita unamwambia patron wako, mkuu wa biro, ukweli, naye anaandika barua ya kuniajiri yenye jina langu, nami naomba visa kwa barua hiyo. Miezi sita naihesabu kuanzia leo.

Kile kisanduku cha pembeni chini ya kila mchoro, penye neno "Amechora", uliniomba nikiache wazi. Nimekiacha. Mkono ulikataa, lakini nimekiacha.

Ni mimi dada yako mkubwa, yaya yako,
Cathy

*

Liège, tarehe 21 Julai 1996

Yaya Cathy mpendwa,

Nakusalimu wewe na shemeji na Mama na mwanafunzi wetu Mira. Kifua kimepona. Ninachokula usiulize, siku nyingi ni viazi, na bukari, ugali wetu, naipika Jumapili tu kwa unga wa semolina unaojifanya mahindi.

Yaya, ungewaona. Patron alitandaza michoro yako juu ya meza kubwa akaita watu wote wa biro waje kutazama. Hapa sasa wanachora kwa kompyuta, mistari yote ni sawa kama sare za shule. Yeye alipitisha kidole juu ya lile daraja lako la Lovoi akasema, "Huyu mtu amesimama pale." Nilijivuna mpaka nikaona haya. Nilisema asante, kwa kuwa walikuwa wananitazama mimi.

Kosa moja tu niliona, na usikasirike, najua ulikuwa umechoka. Kwenye njia ya Kabongo, kilometa ya 61 umeiandika kuwa na mita mia saba na thelathini. Nimeirekebisha ikawa elfu moja kabla ya kuipeleka.

Barua ya kazi naikumbuka. Acha kwanza wanizoee.

Mdogo wako,
Seth

*

Kamina, tarehe 2 Septemba 1996

Seth,

Tunakusalimu wote. Hatujambo. Joto limeanza, maembe bado machanga, Mama amepokea dawa ya magoti na anakuombea baraka ambazo mimi leo siwezi kuziandika.

Nani alikwambia urekebishe? Hiyo kilometa ni fupi. Ni fupi kweli, kule chini, kwenye ardhi. Zamani reli ilizunguka lile bwawa kwa kona kubwa. Kila masika tuta lilizama, mpaka wakaamua kukata kona na kupita moja kwa moja. Njia ikapungua mita mia mbili na sabini, lakini hakuna aliyetaka kung'oa vibao vya kilometa vyote mpaka Kabalo na kuvipanda upya. Wakaacha kilometa moja fupi, wakaendelea. Kila mtu wa brigade anaijua. Baba alikuwa akifika pale anatuambia, "Hapa tembeeni polepole, serikali imetuonea huruma." Wewe ulikuwa shule ya bweni.

Ukiiandika elfu moja, kila daraja baada ya hapo linasogea mita mia mbili na sabini. Watu wako watakuja na vyuma kutafuta mto mahali penye mihogo. Irudishe. Na kama umeifuta kabisa, usihangaike, nakala iko kwangu. Katika biro tulifundishwa kwamba mchoro hauondoki kabla nakala yake haijalala sandukuni, na mimi hata vita havitanifundisha vingine.

Nakuuliza sasa bila kuzunguka: utafanyaje wakikuuliza jambo kama hili uso kwa uso, na mimi niko huku ng'ambo ya dunia? Mwambie patron wako. Hajui amemwajiri nani.

Yaya yako,
Cathy

*

Liège, tarehe 15 Januari 1997

Yaya mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Redio inatutia hofu juu ya vita vya mashariki. Niandikieni upesi kama vimewakaribia.

Nilirudisha kilometa ya 61, na patron aliona. Aliniuliza, nikamweleza habari ya bwawa na kona kama ulivyoniandikia. Nilisema "sisi", yaya, nilisema "sisi watu wa brigade". Alifurahi mno. Wiki iliyofuata biro iliniombea kibali kipya mpaka Juni 1999, na kimetoka.

Sasa nikueleze ugumu ulipo. Sheria ya hapa inataka biro ioneshe kwamba hakuna Mbelgiji anayeweza kazi hiyo. Waliandika kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeijua reli ile. Nikisema kesho kwamba yupo mwingine anayeijua kuliko mimi, karatasi yangu inaanguka, na mimi naanguka nayo. Hata hivyo nilijaribu kwa mbali. Nilimwuliza, "Kama tungempata mchoraji kule kule, tungeweza kumleta?" Akacheka kwa upole. Akasema, "Kwa nini nimlete? Akija hapa anataka nyumba, bima, shule ya watoto, na mimi najaza fomu mwaka mzima. Akikaa kwao anataka karatasi na wino."

Si mtu mbaya. Ndivyo wanavyofikiri. Ngoja mwaka huu upite.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Seth

*

Kamina, tarehe 22 Juni 1997

Seth, mdogo wangu,

Tuko hai. Hilo ndilo la kwanza, nalo si dogo. Vita vilipita hapa na kuendelea na safari, na nchi imebadilishwa jina tukiwa tumelala chini ya vitanda. Shemeji yako alipigwa kitako cha bunduki begani, sasa anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na watoto wanaiga herufi zake mbaya. Mama hajambo. Mira hajambo.

Askari waliokimbia waliichukua biro yetu kama watu wanaohama nyumba. Meza za michoro zimekuwa kuni. Mashine ya kutolea nakala ilibebwa kwenye baiskeli mbili, sijui kwenda kufanya nini. Walipoingia kwangu, Mama alikuwa amekalia sanduku la michoro. Wakamwambia ainuke. Akawajibu, "Humu muko nguo yangu ya kufia. Munataka kuivaa?" Wakamwacha. Michoro yako ilipona chini ya makalio ya mama yako, uwaambie hilo pia huko Liège wanapotandaza mezani.

Nimesoma barua yako ya Januari mara nyingi kuliko inavyostahili. Anataka karatasi na wino. Huyo bwana anataka mkono, hataki mtu. Mkono hauugui, haukimbii chini ya kitanda, haupeleki mtoto shule. Na anasema kwa upole. Ningependa zaidi awe mkali. Lakini yeye simjui na hanijui, hasira yangu kwake ni ya juu juu tu. Wewe unanijua. Unajua sauti yangu, unajua mlango ninaochorea juu yake. Kibali chako kinasema uko peke yako duniani, nawe umekisaini.

Nakwambia na jambo la kunitia aibu: naipenda kazi hii. Bahasha ikichelewa naenda mwenyewe kwenye kiwanja cha ndege cha misioni kuuliza. Ninapochora, reli iko nzima tena na treni inafika saa zake. Unalijua hilo, ndiyo maana unanivuta kidogo kidogo.

Nataka barua ya kuniajiri kabla ya Krismasi. Mira anaingia sekondari, na sitaki aisomee chini ya kitanda.

Yaya yako,
Cathy

*

Liège, tarehe 8 Februari 1998

Yaya mpendwa,

Pole nyingi kwa shemeji, pole kwa wote. Bahasha hii ina dawa, kalamu mpya za wino na viatu vya Mira.

Krismasi imepita na sikukuandikia, najua. Sikuwa na la kukwambia usoni. Mwezi wa kumi na moja nimemwoa Lucienne, binti wa watu wa Likasi waliohamia hapa zamani. Nyumba tuliyopangisha inategemea kibali changu.

Biro imepata sehemu ya pili ya kazi: madaraja yote kumi na manne ya njia ya Kabongo mpaka Kabalo. Hakuna mwingine wa kumwomba. Ukinichorea haya, Septemba patron ataniongezea mkataba wa kudumu, na mtu mwenye mkataba wa kudumu anaweza kusema ukweli bila kufukuzwa. Septemba, yaya. Naapa mbele ya Mungu wa Baba.

Mdogo wako,
Seth

*

Kamina, tarehe 3 Novemba 1998

Seth,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Nyumbani ni wazima. Mimi niko kachot, nimefungwa.

Nakuandikia kwenye karatasi ya daftari la shule ambayo Zébédée aliileta chini ya sahani ya bukari. Alhamisi ndege ya misioni imeruhusiwa kupeleka wagonjwa Lubumbashi. Pasta wa kule atakutumia barua hii kwa faksi.

Unajua vita vimerudi tangu Agosti. Safari hii mapigano yako upande wa Kabalo, na Kamina imejaa askari wa lugha tatu. Wiki mbili zilizopita watu wa usalama walipekua mtaa wetu wakitafuta redio. Redio hawakuipata. Walipata sanduku. Mama alilikalia tena, lakini hawa walimwinua kwa adabu, mmoja huku na mmoja huku, wakamweka kwenye kiti. Ndani yake kuna nakala zangu zote tangu 1996, pamoja na za yale madaraja kumi na manne uliyoniomba, yote ya njia inayokwenda vitani, yenye vipimo, yenye uzito ambao kila moja linabeba. Na bahasha zako, zenye anwani ya ng'ambo.

Komanda anaitwa Florent. Hapigi kelele. Aliweka mchoro wa Lovoi mezani akaniuliza, "Weye njo mwenye kuchora hii?" Nikamwambia ndiyo. "Unatumiaka nani?" Nikasema natuma kwa ndugu yangu Ulaya, ni kazi ya kufufua reli. Akashuka na kidole mpaka kile kisanduku. "Hapa wanaandikaka jina ya mwenye kuchora. Hapana jina. Ku plani zote, hapana jina. Muntu wa kazi ya kweli anafichaka jina yake juu ya nini?"

Nilikitazama kile kisanduku, Seth, nilichokiacha wazi kwa mkono wangu. 

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Ikifika karatasi ya biro yenu, yenye muhuri, inayosema kwamba mimi ni mchoraji wenu na kwamba michoro hii ni ya matengenezo, ananiachia. Isipofika, napelekwa Lubumbashi mbele ya mahakama ya jeshi kama mpelelezi. Unajua wapelelezi wanafanywa nini mwaka huu.

Sasa sikuombi visa. Nenda kwa patron leo, mwambie nani amechora.

Yaya yako,
Cathy

*

Kamina, tarehe 22 Novemba 1998

Seth,

Faksi yangu uliipata tarehe sita, pasta amenithibitishia. Leo ni ishirini na mbili.

Mvua inaingia. Tuko wanawake wanne, mmoja ana mtoto wa kunyonya. Komanda huniita kila siku mbili nimweleze mchoro mmoja, na mimi namweleza, kwa sababu ni afadhali kuliko kukaa. Juzi nilimweleza kilometa ya 61. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Unajua reli, mama." Ni mtu wa kwanza kuniambia hivyo kwa miaka miwili na nusu, naye ndiye amenifunga.

Siku kumi na sita. Unamwogopa nani kiasi hicho?

Cathy

*

Liège, tarehe 25 Novemba 1998

Yaya yangu,

Mungu akushike. Karatasi imetoka leo na inakwenda kwa faksi pamoja na barua hii. Pasta ataipeleka kwa ndege ya kwanza.

Usidhani nimelala siku hizo. Nilisimama mlangoni kwa patron mara tatu nikarudi. Lucienne ana mimba ya miezi sita. Mkataba wa kudumu haukutoka Septemba, wameusogeza mpaka Juni. Nilitafuta njia ambayo wewe unatoka na mimi sianguki, nami nimeipata, na nakuomba uisome kwa utulivu.

Karatasi inasema kwamba Bibi Cathy Kapenda, wa Kamina, ni kopiste, yaani mnakili, wa injinia Seth Kapenda. Kwamba mimi nachora hapa, na wewe unanakili huko michoro yangu kwa ajili ya kumbukumbu. Patron alisaini mara moja. Alisema mnakili si mfanyakazi kwa sheria, kwa hiyo hakuna tatizo la kodi wala la kibali. Muhuri upo, namba ya simu ipo. Komanda anataka karatasi, atapata karatasi.

Najua si kweli. Lakini itafungua mlango, yaya. Mengine tutayatengeneza ukiwa nyumbani.

Mdogo wako,
Seth

*

Kamina, tarehe 20 Desemba 1998

Seth,

Nipo nyumbani tangu tarehe thelathini ya mwezi uliopita. Mama amelia, amecheka, amechinja kuku. Mira haniachi hata nikienda kuoga. Zébédée anakusalimu kwa kifupi. Namtakia Lucienne ajifungue salama, mtoto huyo hana kosa.

Nitakueleza namna karatasi yako ilivyosomwa, maana ni haki yako kujua.

Komanda aliniita asubuhi. Aliisoma kimya, akaisoma tena kwa sauti. Kisha akaitandaza kando ya mchoro wa Lovoi, akatazama kimoja, akatazama kingine. Akaniuliza, "Weye uko copiste?" Nikaitazama sahihi ya patron wako. Akasema, "Ile siku ulinifasiria ile kilometa fupi, na bwawa, na papa yako. Copiste anajuaka vile?" Alikuwa anataka kweli kujua. Nafikiri kama ningesema, "Hapana, mimi ndiye niliyechora, ndugu yangu anasema uongo," angeniamini. Halafu angelazimika kuniweka ndani, kwa sababu karatasi yenye muhuri ingekuwa ya uongo, na mwenye karatasi ya uongo ni mpelelezi.

Nikamwambia, "Ndiyo, komanda. Miye niko copiste."

Akaandika tamko, mistari minne: kwamba michoro yote ya sandukuni ni kazi ya Seth Kapenda, na mimi nimenakili tu. Akanipa kalamu. Nilipomaliza kusaini hakunitazama tena. Alimwambia askari, "Mama anarudia kwake." Mpaka siku ile alikuwa akiinuka nikiingia.

Hicho ndicho ulichonifanyia. Askari wa 1997 walichukua meza. Watu wa usalama walichukua mwezi mmoja na nusu wa maisha yangu. Wewe umechukua kazi yangu yote, ukanifanya niitoe kwa mkono wangu mwenyewe, tena nishukuru. Miaka miwili na nusu nilidhani kwamba unachelewa kusema ukweli. Kumbe ulikuwa unatafuta uongo wa kutosha. Na sehemu inayonichoma zaidi ni kwamba hukuwa na ubaya. Ulisimama mlangoni mara tatu, nakuamini. Ulikuwa na neno moja la kusema, nalo lilikuwa jina langu.

Usinitumie kalamu tena. Mlango nimemwambia Zébédée aurudishe mahali pake.

Cathy

*

Liège, tarehe 14 Machi 1999

Yaya Cathy, yaya yangu,

Nakusalimu kwa kichwa kilichoinama. Nawasalimu Mama na shemeji na Mira. Lucienne amejifungua binti salama, tarehe mbili. Tumempa jina lako. Sikuomba ruhusa kwa sababu niliogopa ungekataa.

Sina cha kujitetea. Kila ulichoandika ni kweli, hata pale uliponihurumia.

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine. Wafadhili wameikubali michoro ya madaraja. Sasa wanataka ya mifereji yote inayopita chini ya reli, kutoka Kamina mpaka Luena, pamoja na ile iliyoanguka na masika, na wanaitaka kufikia mwisho wa Mei. Nimejaribu, yaya. Nimekaa wiki nne mbele ya kompyuta. Patron aliniuliza maji ya mfereji wa pili kutoka Luena yanatoka upande gani, na nikasema kaskazini, kisha kesho yake nikasema kusini. Alinitazama namna mpya. Jana alisema mbele ya wote kwamba dunia imebadilika, kwamba kwa hizi barua za kompyuta mtu ataweza kufanya kazi akiwa popote, na hakuna haja tena ya kuleta watu na kuwalipia. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Kibali changu kinaisha tarehe thelathini Juni. Michoro isipofika, hawatakiomba tena. Nitarudishwa na mke na mtoto mchanga kwenye nchi iliyo vitani.

Nichoree hii ya mwisho. Safari hii andika jina lako kisandukuni, nami nitatafuta namna ya kulieleza. Kila nitakacholipwa kwa sehemu hii ni chako. Karatasi za kalke ziko ndani ya bahasha, na kalamu, ingawa ulinikataza.

Nakuomba kama ningemwomba Baba.

Mdogo wako,
Seth

*

Kamina, tarehe 2 Mei 1999

Seth,

Bahasha imefika salama. Huku tunaendelea. Mama ametabasamu kusikia habari ya mtoto, amemwombea uhai mrefu na macho mazuri. Mimi pia namwombea. Zébédée ameanza tena kuandika kwa mkono wa kulia. Mira amekuwa wa kwanza darasani na tumemwambia asijisifu, naye hasikii. Pale stesheni treni ya askari imepita mara mbili wiki hii, ya abiria hakuna.

Juu ya ile kazi, karatasi ya patron wako iko katika faili la komanda, na tamko langu liko chini yake. Kama mchoro wa mkono wangu usio nakala ya wako ukikamatwa leo, karatasi zote mbili ni uongo, nami narudi kule nilikotoka. Kwa hiyo nafuata zinavyosema. Chora wewe kwanza. Ukimaliza, nitumie kwa ndege ya misioni, nami nitanakili vizuri, bila kuongeza mstari hata mmoja.

Cathy Kapenda,
kopiste